Kamongo wa Ukoo Wenu

Ijuganyondo, jioni ya kuamkia safari yako

Deo mwanangu,

Sikuulizi hali, maana nakuona. Uko uani unafunga godoro lako kwa kamba ya katani, na fundo unalolikaza hivyo kesho usiku utalikata kwa kisu. Mimi niko ndani karibu na dirisha, na wewe unadhani namwandikia mjomba wako wa Rubya. Endelea kudhani. Ukishakula nitakupa karatasi hizi mkononi, na nataka uzisome ukiwa bado chini ya paa hili, si ukishafika Muleba.

Naandika kwa sababu barua haikatizwi. Tangu Jumapili, kila nikifungua mdomo unaniambia, "Mama, mambo yamebadilika." Karatasi huwezi kuiambia hivyo.

Nina hasira nawe. Nalisema mapema usije ukadhani ni machozi ya mama anayeachwa. Machozi ninayo, lakini hayo ni yangu, nitayamaliza mwenyewe. Hasira ndiyo yako, na nimeamua usiondoke bila kuichukua.

Sitakuambia uchemshe maji ya kunywa, wala usisahau rozari, wala usimkopeshe mtu blanketi. Hayo umeyasikia tangu una meno ya utoto. Tena huko kwenye kijiji chenu cha ujamaa mtakuwa na mwenyekiti wa kuwaambia kila kitu, hata saa ya kuamka. Mimi nitakuambia habari za bwawa.

Tuanze na Jumapili, maana naona umeshaanza kuisahau. Wazee wa ukoo wa baba yako walikuja baada ya misa. Nilitandika nyasi mpya sebuleni, nikawazungushia kahawa za kutafuna katika kikapu kidogo, kisha nikakaa chini karibu na mlango wa jikoni, mahali pa mjane. Swali lao lilikuwa moja: mrithi anahama, nani atashika kibanja? Unaijua mila yao. Mjane hana migomba wala mibuni. Anakaa kwa mgongo wa mwanawe. Mwana akiwapo, au akiondoka na kusema "mama atashika mpaka nirudi," hakuna mzee wa kumgusa mama huyo. Mwana asiposema, mama ni mgeni. Na wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe la nyumba hii nililipokea siku ya kwanza, sijaliweka chini mpaka leo.

Maneno manne tu, Deo. Mama atashika mpaka nirudi. Nilikuwa nimeinamisha kichwa nikiyasubiri, na moyoni nilikuwa nimeshaanza kukushukuru. Wewe ukamtazama baba yako mdogo Kamugisha, yule aliyekuja kwetu mara mbili tu wakati baba yako anaumwa, ukasema, "Baba mdogo atashika."

"Na bwawa?" mzee mmoja akauliza.

"Bwawa halina taabu," ukamjibu. "Lina samaki tu. Linajiendesha lenyewe."

Kamugisha akanigeukia na sauti yake ile ya kubembeleza. "Waitu, shemeji, usiwe na wasiwasi. Hakuna anayekufukuza. Utakaa, utakula. Ila damu ni nzito kuliko maji, na cha ukoo hukaa kwa ukoo."

Wakamaliza kahawa zangu wakaenda zao. Jioni hiyohiyo ukaja jikoni, bila hata haya, kuniomba madebe mawili ya vifaranga vya perege, mkaanzishe bwawa la kijiji chenu. Umechaguliwa kuwa katibu wa samaki, ukasema. Nikakujibu nitafikiri. Basi nimefikiri.

Bwawa unalosema linajiendesha lilichimbwa mwaka ule wa Uhuru, na wewe ulikuwa hujaanza shule. Bwana shamba mmoja alikuja na baiskeli, akahubiri barazani kwamba sasa tuko huru, kila nyumba ijilishe, na mahali penye chemchemi pafugwe samaki. Wengine walipiga makofi wakarudi kunywa rubisi yao ya ndizi. Baba yako alikwenda kuchimba. Alichagua pale chini ya kibanja ambapo maji hutoka yenyewe, akachimba mpaka masika, na mimi nikabeba tope kichwani kulipeleka kwenye tuta. Ndugu zake walikuja kusimama na kucheka. Kamugisha alisema hajawahi kuona Mhaya anayelima samaki wakati ziwa lote liko pale linaonekana. Leo hilo kaburi la vyura, kama alivyoliita, limekuwa cha ukoo.

Nikuambie kosa langu la kwanza, kwa kuwa naona wewe ndiko unakokwenda. Baba yako alileta vifaranga kutoka mjini ndani ya debe, amelifunika kwa jani la mgomba. Vilikuwa vichache. Mimi sikuridhika, nikamsumbua mpaka akaleta vingine, na vingine tena. Nilitaka nikitupa mabaki ya ugali uso wote wa maji uchemke, na jirani aone. Kisha nikakataza mtu yeyote asivue. Waache wakue, nilisema. Perege hawakunisubiri. Walizaana, na watoto wao wakazaana. Mwaka ukapita, nikivua napata samaki wa kidole kimoja, vichwa vikubwa, miili kama majani. Niliongeza samadi, nikaongeza pumba, nikasali. Hakuna aliyekua.

Mvua ndiyo iliyonifundisha. Tuta lilipasuka upande mmoja, samaki wengi wakaenda na maji bondeni, nami nikakaa nikalia kama mtu aliyefiwa. Waliobaki, Deo, walikua mpaka baba yako akashindwa kumaliza mmoja kwa mlo. Tangu hapo napunguza. Wadogo wakizidi nawatoa, nakaanga, nagawa, nawapa kuku. Jirani waliniona mama mkatili wa samaki.

Ndiyo maana nakuambia wazi: sikukasirikia kuondoka kwako. Kijana aliyebanwa nyumbani hudumaa, nimeliona hilo kwa macho yangu. Hata ujamaa wenu siuchukii. Kama mtalima pamoja na kula pamoja, vizuri, sisi wanawake tumefanya hivyo kwenye misiba tangu zamani bila katibu. Kinachonichoma ni kitu kingine, na wewe unakijua.

Unamjua kamongo. Unamjua kwa kumwogopa, kama mlivyofundishwa. Ni muziro wa ukoo wenu, mwiko. Babu yenu mkuu aliokolewa naye majini, sijui vipi, kila mzee ana hadithi yake. Lakini mtu wa ukoo hamuui, hamli, wala hamgusi kwa fimbo. Sasa mwiko ni mwiko, siucheki. Tatizo ni kwamba kamongo hajaambiwa kwamba nyinyi ni ndugu zake. Akitoka kwenye matope ya bondeni akaingia bwawani, anakula perege wenu bila kuuliza ukoo.

Wa kwanza aliingia ungali mdogo. Tulianza kuona samaki wanapungua, tukashuku fisi maji, tukashuku hata watoto wa jirani. Halafu jioni moja tukamsikia. Anapumua hewa yule, lazima apande juu. Alifungua mdomo, akagugumia kama mzee anayemaliza kibuyu cha rubisi, akazama. Baba yako akavua kofia. "Huyu ni wa kwetu," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeletewa habari mbaya na mgeni wa heshima.

Baba yako alikuwa na akili, lakini hapo akafanya kosa ambalo mtu wa ukoo wenu tu ndiye angeweza kulifanya. Alisema hatumuui, tutamkaushia maji aondoke mwenyewe kwa amani. Akafungua tuta. Tukatoa perege wote, tukala tukachoka, tukagawa. Kiangazi kikakausha tope likapasuka vipande. Akasema, "Unaona? Ameelewa." Masika yakarudi, tukajaza maji, akaenda mjini kuleta vifaranga wapya. Mwanangu, yule kamongo hakuwa amekwenda popote. Alikuwa amelala ndani ya tope kama mtu ndani ya blanketi, akisubiri tumwandalie chakula. Alipotoka alikuwa na njaa ya miezi.

Baba yako alikaa ukingoni siku nzima. Asubuhi yake alichukua panga la kupunguzia migomba, akaliegemeza kwenye mlango wa jikoni, mahali ambapo halikai. Akavaa koti. "Leo nitachelewa kurudi," akasema, akitazama njia. Akaenda.

Nilisimama nikalitazama lile panga. Mimi natoka Rubya. Ukoo wa baba yangu unakatazwa pongo, yule mnyama wa porini. Kamongo kwetu ni samaki mwenye sura mbaya, basi. Na mke hageuki kuwa wa ukoo wa mumewe. Hubaki wa kwao mpaka anaingia kaburini, na ndugu za baba yako walinikumbusha hilo kila walipogawana nyama. Siku ile nikaelewa kwamba katika nyumba hii yote kulikuwa na mtu mmoja tu anayeweza kuliokoa bwawa, na ni yule mgeni.

Nikapunguza maji, nikaingia mpaka magotini, nikamuua. Haikuwa kazi ndogo. Kamongo ana meno ya kuvunja konokono, na kidole changu hiki kilichopinda, kile ulichokuwa ukikiuliza nikakuambia ni mundu, ni yeye. Sikumpika, maana sufuria ni za nyumba yenu. Nilimzika nje ya mpaka wa kibanja. Baba yako aliporudi aliona kidole kimefungwa kitambaa. Hakuuliza. Alikwenda kuchukua kibuyu, akanimiminia rubisi kwa mkono wake, mimi mwanzo kisha yeye. Wewe umeona wanaume wangapi wa Ijuganyondo wakiwamiminia wake zao kabla yao? Hiyo ndiyo ilikuwa asante yake, na niliipokea.

Wakaja wengine baada ya huyo. Kila mara panga liliegemea mlangoni, kila mara alichelewa kurudi, kila mara kibuyu. Tulizeeka hivyo. Na hapo ndipo kosa langu kubwa lilipo, Deo, si kwenye panga. Kosa langu ni kunyamaza. Niliona fahari kuwa na siri na mume wangu, nikadhani siri ile ni heshima yangu. Kumbe kazi isiyosemwa, mwenye kuifanya akifiwa na shahidi wake, inakuwa haijafanywa. Baba yako alikufa, na bwawa likabaki linang'aa, perege wanaruka, na kila mtu akaamini linajiendesha.

Kila mtu isipokuwa wewe.

Hapo ndipo penye hasira yangu, usizunguke. Mwaka ule ulipomaliza shule ulirudi mapema kutoka mjini ukanikuta ukingoni, nimelowa tope na damu, kamongo amelala kwenye majani. Nilidhani utapiga kelele. Uligeuka ukaenda kisimani, ukarudi na maji, ukanimiminia mikononi mpaka ikatakata, macho yako ukiyaelekeza kwenye migomba. Siku ile nilisema moyoni, baba yake akitangulia, huyu ndiye shahidi wangu. Nilikupenda siku ile kuliko siku niliyokuzaa.

Na shahidi wangu akakaa juu ya nyasi nilizotandika mimi, akatafuna kahawa nilizochemsha mimi, akasema bwawa linajiendesha lenyewe.

Ungekuwa hujui ningekusamehe usiku uleule. Lakini ulijua. Uliogopa tu kwamba wazee watauliza linaendeshwaje, na ungelazimika kusema mama yako amekuwa akifanya nini na ndugu yao wa majini. Ukaona ni rahisi kumtoa mama. Kisha unakwenda kwenye kijiji ambako kila mtu humwita mwenzake ndugu. Ndugu mwenyekiti, ndugu katibu, ndugu mtunza stoo. Nimekusikia ukifanya mazoezi ya hotuba yako nyuma ya nyumba. Unawaita ndugu watu usiowajua, na mwanamke aliyekunyonyesha umemwachia jina la shemeji.

Sasa kuhusu madebe yako mawili. Nakupa nusu ya debe moja. Usinune. Hao wanatosha bwawa lenu, watazaana kabla wageni kutoka wilayani hawajaja kupiga makofi. Najua unataka bwawa lijae haraka mpate kusifiwa. Mimi nilitaka jirani aone, na nimeshakuambia nilivuna nini. Leo sijawalisha, ili wasichafue maji njiani. Ukifika usiwamwage kama maharage. Liache debe lielee kwanza humo bwawani, maji yazoeane. Samadi iweke pembeni ndani ya uzio wa fito, si katikati. Na ukitaka kujua kama maji yana chakula, zamisha mkono mpaka kwenye kiwiko: ukiviona vidole vyako vizuri, samaki wana njaa. Vingine vyote utajifunza kwa kukosea kama sisi.

Ila moja hutajifunza peke yako. Nimeulizia hicho kijiji chenu. Kiko bondeni, karibu na matete. Kamongo atakuja. Atakuja, na ndugu katibu hataweza kunyanyua hata fimbo. Utamtafuta mtu wa ukoo mwingine, pengine mwanamke aliyeolewa hapo, pengine mtu wa mbali asiye na shamba, utamwomba afanye usichoweza. Atakufanyia. Baada ya hapo usimwachie kibuyu tu kama baba yako. Simama kwenye mkutano wenu useme jina lake, wote wasikie. Ukishindwa hilo, utakuwa umebeba samaki wangu bure.

Nimefika mwisho, na mwisho ni huu.

Mchana nilipokwenda kukuvulia hao vifaranga, nilimsikia. Upande wa magugu, mahali palepale pa yule wa kwanza. Alipanda, akagugumia, akazama. Ni mkubwa. Amekuja hivi karibuni, maana perege bado ni wengi, lakini hawatakuwa wengi siku nyingi. Nilirudi mpaka mlangoni. Panga lipo, nililinoa mwenyewe kabla ya Jumapili. Nikalishika, nikafikiri, nikaliegemeza tena.

Gari la Muleba hupita asubuhi, na nyumba ya baba yako mdogo iko njiani. Unaweza kupita na godoro lako kichwani ukitazama barabara. Unaweza pia kusimama, ukabisha hodi, ukamwambia bwawa halijawahi kujiendesha hata siku moja, ukamwambia ni nani amekuwa akiliokoa, na kwa kitu gani, na kwa nini baba yako alikuwa akichelewa kurudi. Mwambie kibanja anashika mama mpaka urudi. Usihofu sana juu ya hasira yake kwa ajili ya muziro. Kamugisha anapenda perege wa kukaanga kuliko unavyofikiri, na mtu akishaonjeshwa bwawa huanza kutafuta njia ya kuelewa. Na kama atachukia, anichukie kwa jambo nililolifanya kweli. Mimi sina cha kuogopa tena. Mlangoni umeshanifikisha mwenyewe.

Sitakusindikiza. Nitakuwa ukingoni nimekaa, panga liko magotini. Akija Kamugisha asubuhi, aniite Mama Deo, aniambie mwenye kibanja ametuma neno, nitaingia majini nifanye kazi yangu. Akija kama mwenye mali, nitasogea pembeni, nimpishe akasalimiane na ndugu yake.

Mama yako,
yule wa Rubya